Sufuria Iliyohamia Lamboni

Ijumaa niliyostaafu nilipewa saa ya ukutani, keki yenye jina langu na hotuba ndefu. Nilishukuru kwa vyote, lakini kitu nilichokitaka ni mwiko. Mnaujua, ule wa mninga, mrefu kama kasia, wenye alama ya moto shingoni. Vijana wa ofisi mlitazamana, kisha mmoja wenu akasema kwa adabu, "Mzee, ule ni mali ya mradi." Jibu sahihi kabisa. Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba mali ya mradi haiondoki na mtu. Basi nimeondoka na saa, na kwa kuwa mwiko umebaki kwenu, nawaandikia mjue umepita wapi kabla ya kufika mikononi mwenu.

Habari za vyeo sitaziandika. Nilivipata, na nilivistahili. Anayetaka ushahidi aje kwangu Mwisenge, mjini Musoma, atazame ukuta wa sebule yangu, ambapo stashahada yangu ya lishe na mapishi imening'inia ndani ya fremu ya kioo. Mgeni akiketi kiti chochote, ataiona. Viti nilivipanga mwenyewe.

Siku hizi hukaa barazani asubuhi, kazi sina, na ziwa linaamka taratibu kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Mbali majini huinuka zile nguzo nyeusi za wadudu wadogo, zikipanda angani kama moshi na kuinama upande upepo unakotaka. Nilipoziona mara ya kwanza nilikuwa mtoto mdogo, nimekuja Musoma na mama yangu kutoka Butiama kuuza karanga. Nikamuuliza ni nani anapika kule majini. Mama hakugeuka. "Wanapikia watoto wao," alisema, akaendelea kupanga karanga. Nilimwamini miaka mingi. Nadhani bado namwamini kidogo, maana nikiziona nguzo zile tumbo langu hungoja harufu.

Nilizaliwa kwenye nyumba ya ng'ombe wachache na watoto wengi. Nilichunga, ng'ombe wetu na wa watu, mpaka nikamaliza darasa la saba. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilikwenda Dar es Salaam mwenyewe, nikaanza kwa kusugua masufuria kwenye hoteli moja, nikapanda hadi kukata vitunguu, kisha hadi kwenye moto wenyewe. Ada ya chuo nililipa kwa jasho langu, nikisoma mchana na kupika jioni. Nilipopata stashahada sikuona sababu ya kuizeesha kwenye joto la pwani. Nikarudi kwetu.

Ndugu walinipokea stendi wakitegemea friji na masanduku. Nilishuka na begi moja na visu vyangu vimeviringishwa kwenye kitambaa. Shangazi yangu alivitazama muda mrefu.

"Umekaaga Dar miaka yote hiyo, umerudi mpishi?"

"Mpishi mwenye stashahada, shangazi."

"Na hiyo stashahada inaliwaga na nini, ugali au wali?"

Stendi nzima ilicheka. Nilimsamehe baadaye, alipokula pilau yangu.

Ofisi yetu wakati ule ilikuwa chumba kimoja mtaa wa Mukendo, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Mratibu alikuwa Mwalimu Wegesa, aliyekuwa mwalimu mkuu kabla ya kuingia kwenye kazi hii. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, na alienda vijijini kwa pikipiki, sketi imefungwa na kamba, mabuti ya mvua miguuni hata kiangazi. Siku yangu ya kwanza nilimwekea stashahada mezani. Aliisoma yote, akaikunja vizuri, akanirudishia pamoja na ungo.

"Kuna gunia la mahindi pale uani. Chambua."

Nilichambua hadi mchana. Alipokuja aliingiza mkono kwenye mahindi niliyoyapitisha, akayamwaga, akayatandaza kwenye turubai, akainama akitafuta punje yenye kuvu. Alitafuta hadi kivuli kikahama. Hakuipata.

"Macho unayo," alisema akijinyoosha mgongo. "Sasa tuone kama una miguu."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Mkiwafundisha wageni, anzeni na ungo. Kuvu ya mahindi haina harufu kubwa wala haraka, inaua ini la mtoto polepole, na hakuna viungo duniani vinavyoiondoa. Punje yenye shaka ni ya kutupa. Hata kuku msimpe.

Kazi yenyewe Mwalimu Wegesa alinieleza tukiwa tumekaa juu ya magunia. Shule ikiwa wazi, mtoto anapata uji au makande shuleni, na kwa wengi ndicho chakula chenye uhakika. Shule ikifungwa, mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili, jiko linafungwa nalo. Mwalimu anafunga mlango darasa limejaa, anafungua anakuta kola za mashati zimepanuka. "Wengine wanangoja likizo kwa furaha," alisema. "Wengine ni njaa yenye tarehe. Wanaihesabu kwenye kalenda."

Ndiyo maana tukawa na makopo. Wiki za mwisho kabla ya kufunga, kila mwanafunzi wa shule za mjini, Musoma na Bunda, analeta kopo moja la kitu kikavu, mahindi, maharage, dagaa, au michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa. Tunakusanya, tunachambua, tunapakia kwenye kirikuu, kigari chetu cha mizigo, na likizo ikianza tunapika kwenye shule za vijijini.

Nikifumba macho nasikia sauti ile. Darasa moja pale Mwisenge, watoto kwenye mstari, kila mmoja anamimina kopo lake ndani ya gunia, na mahindi yanaanguka kama mvua inayoanza kwenye bati, inakatika, inaanza tena. Jua limepita dirishani na vumbi la nafaka limesimama hewani. Watoto wale wenye makelele ya kuvunja kuta walikuwa wananyamaza wenyewe zamu zao zilipokaribia, sijui kwa nini, na sikuwahi kuwauliza. Nilihofu wakijua sababu wataacha.

Watu wazima ndio waliotupa shida. Mfanyabiashara mmoja wa Bunda alituletea biskuti ambazo tarehe yake ilikuwa inakimbia kuliko gari lililozileta. Mwingine alitoa chumvi, magunia kwa magunia, ya kutosha kukausha samaki wote wa ghuba. Kila mmoja alitaka picha. Mwalimu Wegesa alikuwa akisema mfadhili ni kama mgeni wa jioni, humfukuzi, lakini humwachii mwiko.

Niongeze machache ya jikoni kabla sijasahau, maana ninyi wa sasa mna simu za kuuliza kila kitu ila moto. Maharage yalale kwenye maji. Dagaa watolewe mchanga, wakaangwe bila mafuta mpaka waanze kunukia, ndipo waingie. Sufuria isijae, kwa kuwa makande hupanda kama hasira. Koroga kutoka chini, polepole, mwiko ukigusa kitako muda wote. Kwa miaka yangu yote sijaunguza sufuria hata moja. Waulizeni watakaowaambia vinginevyo walikuwa wanafanya kazi wapi.

Sasa nifike kijiji cha Bugwema.

Mwaka ule mvua zilikatika mahindi yakiwa na ndevu. Hadi kufika mwezi wa sita mashamba yalikuwa yanachakarisha yakipigwa na upepo, makavu. Mwalimu mkuu wa shule tuliyopangiwa aliitwa Majura, mtu mwembamba, mpole, mwenye mzaha unaochelewa kueleweka. Alinipeleka kwenye dirisha la darasa la nne siku shule inafungwa, akanionyesha msichana aliyekaa mwisho.

"Yule ni Nyangeta wa mzee Maregesi. Likizo ile ya mwaka jana alirudi hapa ameshika ukuta. Anatembea hivi, mkono ukutani, mpaka kwenye dawati lake."

"Na mwaka jana mvua zilinyesha."

"Mwaka jana mvua zilinyesha," alisema. "Huyu akipita likizo nyingine kama ile, bwana mpishi, mimi sitamwona tena kwenye dawati lile. Nakwambia ili ujue unampikia nani."

Tangu hapo nilijua. Kulikuwa na wengine wengi, lakini mtu hawezi kubeba wengi kichwani. Nilimbeba huyo.

Tuliwasha moto shuleni Jumatatu ya kwanza ya likizo. Nilipika makande ambayo hoteli ya Dar ingeyauza kwa jina la kigeni. Jikoni kulikuwa na mabakuli yamepangwa, uani kuna mstari wa chokaa wa kusimamia foleni, getini kuna bango jeupe lenye jina la mradi. Hakuja mtu. Watoto walipita nje ya uzio na ng'ombe, wakageuza nyuso upande wa pili. Tuliwaita, wakaongeza mwendo. Jumanne hakuja mtu. Mimi na Majura tulikula, mlinzi akala, mbwa wa kijiji wakala.

"Basi tunenepe sisi," alisema Majura. "Angalau mradi utakuwa na matokeo."

Jumatano alikuja Mwalimu Wegesa kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Alifunua sufuria, akafunika.

"Masatu, kamati ya mradi imeshasikia. Chakula hiki kisipolika kufikia Jumamosi, magunia yanapelekwa vijiji vya Bunda. Hawakusanyi mahindi ya watoto ili yalishe mbwa."

"Bunda wana mvua."

"Najua. Lakini Bunda wanakuja kula."

Alasiri ile nilikwenda kwa mzee Maregesi. Nilimkuta kwenye zizi lake anasokota kamba ya ngozi, mtu wa mabega mapana ambayo nguo ilikuwa imeanza kuyakimbia. Ng'ombe walikuwa malishoni. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama kuanzia viatu.

"Wewe ndiye mpishi?"

"Ndiye."

"Mwanaume."

"Mwanaume mwenye stashahada, mzee."

"Mke wako sasa anafanyaga kazi gani?"

"Anakula."

Alicheka kweli, kicheko cha kifuani, nikadhani nimefika. Nikamweleza habari ya watoto, likizo, makopo ya mjini. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo kamba ilivyozidi kukazwa.

"Sikiliza, mtoto wa watu. Unaona moshi ule?" Alionyesha paa la jiko lake, ambapo uzi mwembamba wa moshi ulikuwa unatoka. "Moshi wa kwangu unaonekana mpaka barabarani. Shule ikiwa wazi mtoto anakula shuleni, hiyo ni shule. Shule ikifungwa halafu mtoto wangu akasimama kwenye mstari ameshika bakuli, watu watasemaje? Watasema Maregesi amezima moto."

"Hakuna atakayesema."

"Mimi nitasema. Kimoyomoyo nitasema." Aliirudia kamba yake. "Nenda salama. Na umsalimie huyo anayekula."

Wakati naondoka Nyangeta alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Mkono wake ulikuwa umeshika mwimo. Hakuwa ameegemea, alikuwa ameshika, kama mtu aliye ndani ya mtumbwi.

Niliondoka kwa miguu, jua limeanza kulainika. Kuna saa huko kwetu mchana unapokuwa kama ndoto ya mtu mwingine. Vumbi limesimama, milima imekaa mbali na rangi ya majivu, na kila kitu kinatembea bila kutoa sauti. Ndipo nilipowaona ng'ombe. Walikuwa wanashuka kutoka pande zote, kundi kwa kundi, wakiingia bondeni kama maji yanayokumbuka njia yake, na nyuma ya kila kundi mtoto na fimbo. Walikuwa wanaenda lamboni kunywa. Wale wote tuliokuwa tunawangoja shuleni walikuwa pale. Na kutoka upande wa nyumba walikuwa wanakuja wasichana na ndoo, kuchota.

Nilisimama. Pua yangu ikanusa kiazi cha kuchoma, na hapakuwa na kiazi. Nilikuwa nimerudi umri wa miaka tisa.

Sisi tuliochunga tunajua jambo ambalo halisomwi chuoni, na mimi nina bahati ya kuwa na vyote viwili. Malishoni kila mchungaji huondoka nyumbani na alichonacho, huyu kiazi, huyu kipande cha ugali wa muhogo, huyu furu mkavu, kisamaki cha ziwani, na huyu hana kitu. Mchana vyote vinawekwa pamoja kwenye majani. Hakuna anayekaribishwa. Unanawa, unakaa, unakula. Hakuna anayeuliza umeleta nini, na atakayeuliza atachunga peke yake mpaka azeeke. Mtu mzima akipita, hata awe tajiri wa ng'ombe kiasi gani, lazima achovye mkono, maana kukiruka chakula cha malishoni ni kuwatakia mabaya ng'ombe walio pale. Nilikula hivyo utoto wangu wote, siku nyingi nikiwa yule asiye na kitu, na sikumbuki siku hata moja niliyoona aibu. Chakula cha malishoni hakina mwenyewe.

Nilirudi shuleni karibu nikimbie, na mimi si mtu wa kukimbia. Mwalimu Wegesa alikuwa anavaa mabuti yake ili aondoke.

"Tunahamisha sufuria," nilimwambia. "Kesho napikia lamboni."

"Mwongozo unasema chakula kipikwe jikoni mwa shule."

"Mwongozo huo aliuandika nani?"

"Mimi."

"Basi utauandika tena, mwalimu."

Alinitazama kwa jicho lile la kutafuta punje yenye kuvu. "Masatu, una kiburi."

"Ninacho."

"Kama hawatakuja?"

"Ng'ombe watakuja. Watoto hawana namna."

Alivua mabuti aliyokwisha kuyavaa. "Nitalala kwa Majura. Nataka nikuone ukishindwa kwa macho yangu mwenyewe." Nilijua maana yake. Asingetaka kukosa.

Alhamisi tulipakia kila kitu kwenye mkokoteni wa ng'ombe wa jirani wa Majura. Mabakuli niliyaacha. Bango niliacha. Mwalimu Wegesa alilishika mkononi, akasema wafadhili wataomba picha, nikamwambia wapigwe picha wao. Nilichukua sufuria, mwiko huo mlio nao sasa, magunia, ndoo ya kunawia na masinia mapana. Tulipofika tulipanga mawe mahali ambapo upepo ungebeba harufu hadi upande wa maji. Niliwasha kwa kuni kavu za mgunga. Nilikaanga dagaa kwa kuchelewa makusudi, ng'ombe wa kwanza walipotokea tu juu ya mteremko.

Makundi yalishuka yakaingia majini. Watoto walisimama mbali kidogo, fimbo mabegani, wakitazama maji kana kwamba hawajawahi kuyaona. Mwalimu Wegesa alifungua mdomo awaite. Nilimgusa mkono.

"Usiite. Nawa, kaa, kula."

Tulinawa, tukakaa chini, sisi watu wazima watatu, Majura akiwemo, tukala kutoka kwenye sinia moja bila kuinua macho. Ni jambo gumu kula bila kuinua macho. Nilihesabu punje za mahindi kwa ulimi. Nikasikia maji yakimwagika kwenye ndoo, mtu ananawa. Kisha goti likashuka karibu na langu, na mkono mdogo wenye vumbi kwenye kiwiko ukaingia siniani. Baada yake mwingine. Nilinyanyuka tu kupakua sinia la pili, na la tatu, nikirudi kukaa kila mara kama aliyepita hapo kwa bahati.

Wasichana walichelewa. Waliweka ndoo, wakaongea wao kwa wao juu ya habari isiyokuwepo. Wa kwanza alinawa, akakaa, wakafuata. Nyangeta alibaki amesimama ameshika mpini wa ndoo yake. Kisha akauachia. Alitembea hatua zile chache bila ukuta wowote wa kushika, akanawa, akakaa, akachukua harage moja.

Alikuwa bado analitafuna, mzee Maregesi alipotokea na ng'ombe wake.

Mkono wa mtoto ulisimama juu ya sinia. Mikono yote ilisimama. Ng'ombe walimpita wakaingia majini, na yeye akabaki kwenye ukingo na fimbo yake, anatazama sufuria, masinia, mwanawe. Mimi mdomo wangu haujawahi kukosa la kusema. Siku ile niliufunga. Kila neno nililokuwa nalo lingekuwa ni kumkaribisha, na kumkaribisha kungegeuza kile chakula kuwa changu.

"Hawa ng'ombe," alisema mwisho, "nani anawaangalia, na wachungaji wote wamekaa?"

"Wanakunywa, mzee," alisema Majura bila kuinua kichwa. "Nao wako mezani."

Ng'ombe mmoja alipiga chafya. Maregesi alizungusha macho yake juu ya makundi yote, ya kwake na ya majirani, kisha akaichomeka fimbo ardhini. Alinawa mikono yote miwili, taratibu, hadi viwiko. Alikuja akakaa kando ya binti yake, akachovya mkono, akatafuna muda mrefu huku sisi sote tukimsikiliza akitafuna.

"Chumvi imezidi," alisema.

Haikuzidi. Niandike hapa kwa uwazi, kwa kuwa nimekuwa nikilibeba jambo hili miaka mingi. Chumvi ilikuwa sawasawa. Sijawahi kuzidisha chumvi tangu niache kusugua masufuria. Mwalimu Wegesa alijua, Majura alijua, na naamini mzee mwenyewe alijua. Nilimtazama, nikaona vidole vya Nyangeta vimeanza tena kutembea kwenye sinia.

"Itarekebishwa," nilisema.

Kesho yake alikuja na kibuyu cha maziwa mgando. Alikiweka kando ya masinia bila neno, kama mtu anavyoweka kiazi chake kwenye majani, akanawa. Siku iliyofuata jirani yake alileta maboga. Mwingine furu wakavu, mama mmoja karanga za kusaga. Kamati walipofika Jumamosi na gari lao la kubebea magunia, mwenyekiti aliniuliza chakula cha mradi ni kipi kati ya vile. Sikuweza kumwonyesha. Alisimama kidogo na viatu vyake vya mjini, kisha akauliza maji ya kunawa yako wapi. Gari lilirudi tupu.

Shule ilipofunguliwa mwezi wa saba nilipitia Bugwema makusudi. Majura alinipeleka kwenye dirisha lile lile. Kengele ililia, watoto wakaingia, na Nyangeta akapita katikati ya darasa, mikono yote miwili imebeba madaftari, mpaka kwenye dawati lake. Siku hizi ana duka la vitenge Bunda, na akiniona njiani ananiita baba mdogo kwa sauti inayowafanya wateja wake wote wanitazame. Sioni ubaya.

Baada ya hapo sufuria zetu hazikukaa tena shuleni wakati wa likizo. Vijiji vya ziwani tulizipeleka kwenye miamba wanakoanika dagaa. Upande wa Bunda ziliwekwa karibu na wanakopimia pamba. Kwetu Butiama nilichagua kisima kile kile nilichonywea utotoni, nikapika siku ile nimevaa shati jeupe, ili wote walionikumbuka nikiwa na kiraka waone. Mwalimu Wegesa aliuandika upya mwongozo. Ile sentensi mnayoisoma ukurasa wa kwanza, kwamba sufuria iwafuate watoto, imeandikwa kwa mkono wake, lakini ilitoka kwenye mdomo wangu. Nilimwambia aongeze jina langu. Alisema mwongozo si kanga.

Alistaafu kabla yangu, akahamia kwa wanawe Bunda. Mara ya mwisho nilipomtembelea alikuwa amekaa na blanketi magotini, sauti ile imepungua ikawa ya chumba kimoja tu.

"Ulishamwambia Maregesi kwamba chumvi haikuzidi?"

"Hapana."

"Usije ukamwambia," alisema, akafumba macho akitabasamu, na nikakaa naye mpaka chai ikapoa.

Wiki yangu ya mwisho kazini niliomba kwenda Bugwema. Sikwenda kama mpishi. Mlikuwa mmeshapanga wapishi wenu, na mwiko ulikuwa kwenye mikono ya kijana ambaye anakoroga vizuri, ingawa kwa haraka. Nilishuka mteremko nikiwa nimevaa koti langu zuri. Vumbi lilikuwa limesimama kama siku ile. Ng'ombe walikuwa wanaingia majini bila sauti, na moshi wa sufuria ulikuwa umepanda wima, mweusi, ukainama kidogo juu, mpaka nikadhani natazama ziwa na kwamba mama yangu yuko nyuma yangu anapanga karanga. Watoto walikuwa wamezunguka masinia. Hakuna aliyeinua macho.

Nilisimama pembeni, mikono mfukoni. Nilikuwa nimeianzisha mimi shughuli ile, mahali pale pale, na nadhani nilikuwa nangoja mtu aseme kitu. Nilingoja kiasi cha kuanza kuhisi jua kwenye kisogo.

Msichana mmoja mdogo, shavu limejaa, alinitazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyejua mlango uko wapi.

"Babu," alisema, "hapa watu hawakaribishwagi. Unanawa tu."

Nikanawa.